Mtoto Anayezuia Choo

Asubuhi moja, katika ua wa jirani yangu pale Manundu, mjini Korogwe, nalimwona mtoto wa miaka minne amesimama nyuma ya mlango wa jiko, ameibana miguu, ameinuka juu ya vidole, jasho likimtoka. Na mama yake, kwa kudhani kuwa mwanawe anajikamua, akawa akimhimiza, "Sukuma, baba, sukuma," ilhali mtoto alikuwa akizuia kwa nguvu zake zote.

Aghalabu mtoto hupata choo kigumu siku moja, pengine baada ya homa au kuachishwa ziwa, kikamchubua; naye, kwa kuyakumbuka maumivu yale, huazimia kutokwenda tena. Walakini utumbo mpana haupumziki: hufyonza maji ya kinyesi kilichokaa, nacho huzidi ugumu na ukubwa hata kikaitanua sehemu ya mwisho ya utumbo, ikapoteza hisia, na choo chepesi kikapenya pembeni na kuchafua nguo. Watoto wamechapwa kwa uchafu huo wasiokuwa na hiari nao, na jambo hili hunihuzunisha kuliko maradhi yenyewe.

Chakula cha kumfaa ki karibu: dona badala ya sembe, kwani pumba ndizo zishikazo maji utumboni, maharage, kisamvu na mchunga, papai bivu na machungwa ya Muheza, na maji ya kunywa ya kutosha. Fauka ya hayo, mtoto na apelekwe chooni kila baada ya kula, wakati utumbo unapoamka wenyewe, akae dakika 5 hadi 10 pasipo kukemewa, nyayo zake zimekanyaga kitu imara. Choo kikiwa kimeganda siku nyingi, chakula pekee hakitoshi. Tabibu atampa dawa ya kulainisha, nayo pengine itumiwe kwa miezi, hata mtoto asahau maumivu. Bomba la maji ya sabuni litiwalo kwa nyuma silipendi kabisa, maana sabuni huuchoma utando wa utumbo, na hofu ya mtoto huzidi maradufu.

Mtoto mchanga aliyekwisha kupita majuma yake ya kwanza, anyonyaye maziwa ya mama tu, aweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe mgonjwa, maadamu kikija ni laini. Bali aliyezaliwa akakosa choo saa 48 za kwanza, au aliyevimba tumbo na kutapika nyongo, apelekwe hospitali, kwetu Korogwe ni ile ya Magunga, pasipo kuchelewa.

Mama yule nalimweleza hayo. Kesho yake, baada ya uji, akamkalisha mwanawe juu ya poti, akaketi kando yake akichambua mchicha, wala neno "sukuma" hakulitamka tena.