Trela la kulala safarini: Pima mzigo kabla ya kuondoka

MNUNUZI wa trela la kulala safarini huvutiwa kwanza na vitanda, jiko, sinki na mapazia. Fundi anayejua kazi yake huinama chini ya trela hilo hilo akachunguza ekseli, springi, matairi na mkono wa chuma unaoliunganisha na gari.

Fundi ndiye anayetazama mahali panapofaa. Ajali nyingi za matrela haya huwa zimeandaliwa uani, siku ya kupakia, kabla dereva hajatia ufunguo.

Trela la aina hii, ambalo baadhi ya watu huliita karavani, halina injini. Lipo lile kubwa lililo kama chumba kamili chenye mlango na madirisha, na lipo lile dogo linalobeba hema, tangi la maji na vyombo vya kupikia, ambalo hata mafundi wa jua kali humudu kuliunda. Yote mawili yanatawaliwa na kanuni zile zile.

Swali la kwanza si iwapo gari lina nguvu za kuvuta. Magari mengi yanaweza kuvuta mzigo mkubwa kuliko yanavyoweza kuusimamisha, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kila mtengenezaji wa gari huweka viwango viwili vya uzito: kimoja cha trela lenye breki zake lenyewe na kingine cha trela lisilo na breki. Kwa magari mengi kiwango hicho cha pili hakizidi kilo 750, na kwa magari madogo ya saluni huwa chini zaidi ya hapo.

Viwango hivi huandikwa katika kitabu cha gari. Bahati mbaya ni kwamba magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika Japani, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye gari hubaki kutegemea uvumi wa gereji. Ni afadhali kutafuta kitabu cha gari la aina hiyo hiyo, la mwaka huo huo na lenye injini ile ile, kwa lugha unayoielewa.

Baada ya hapo, pima trela likiwa limepakiwa kila kitu. Mizani ya malori katika viwanda vya kusaga nafaka itatosha kwa kazi hii. Wenye matrela wengi hushtuka wanapoona tarakimu zenyewe, kwa sababu husahau kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 100 ni sawa na kubeba watu wazima wawili wembamba, na bado hujaweka betri, mtungi wa gesi, kreti za soda wala gurudumu la akiba.

Hata hivyo, jumla ya uzito ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mahali uzito huo ulipokaa.

Chukua mfano wa ubao wa pembea ambao watoto huuchezea, huyu akipanda yule akishuka. Ekseli ya trela ndiyo kitovu cha ubao huo. Ukirundika vitu vizito nyuma, mbele hunyanyuka na kuinua sehemu ya nyuma ya gari linalovuta. Magurudumu ya nyuma ya gari hupoteza mshiko wake barabarani, nalo trela huanza kuyumba kama mkia wa mbwa.

Huko Ulaya, ambako magari ni mepesi na madereva wanaovuta trela huenda polepole, inashauriwa mkono wa trela ukandamize gari kwa asilimia tano hadi saba ya uzito wote wa trela. Nchini Marekani, ambako magari ni mazito na mwendo ni wa kasi zaidi, kiwango ni asilimia 10 hadi 15. Kwa trela la kilo 1,000, basi, ni kati ya kilo 50 na 70 kwa hesabu ya Ulaya, au kilo 100 hadi 150 kwa hesabu ya Marekani. Lifuate pendekezo la aliyeliunda trela lako, mradi usipite kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia cha gari.

Kupima ni rahisi. Egesha trela mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha telekeza mkono wake juu ya kipande cha mti kilichosimamishwa kwenye mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili. Mkono uwe katika kimo kile kile ambacho huwa nacho ukiwa umeungwa na gari.

Uzito ukipungua, sogeza vitu mbele. Tangi la maji na kreti zikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, nayo magodoro na nguo zikae nyuma. Baiskeli mbili zilizoning'inizwa nyuma ya trela huonekana kama jambo dogo. Kwa hakika ni miongoni mwa mizigo mibaya kabisa, kwani ziko mbali sana na kitovu.

Iwapo trela litaanza kuyumba, kwa mfano basi la abiria linapokupita kwa kasi katika barabara kuu ya Mombasa, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani wima. Usikanyage breki kwa ghafla na usijaribu kulirekebisha kwa kukata kona huku na huku. Kama trela lina breki za umeme zenye kitufe cha mkono, zitumie hizo peke yake. Wapo wanaodai kwamba kuongeza mwendo hunyoosha trela. Hilo ni kosa, kwa kuwa mwendo ndio unaolilisha yumbo lenyewe.

Kiungio nacho kina mtego wake. Tufe la chuma linaloingia kwenye kikombe cha trela huwa na vipimo tofauti: lipo la milimita 50 na lipo la Kimarekani la karibu milimita 48. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho, lakini tufe dogo ndani ya kikombe kikubwa linaweza kuchomoka kwenye shimo la kwanza. Ukishaunga, inua mkono wa trela kwa jeki yake. Sehemu ya nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kiungio kimeshika. Minyororo ya usalama nayo ipishane chini ya mkono, ili kiungio kikichomoka mkono huo uangukie juu yake badala ya kuchimba lami.

Kisheria, trela husajiliwa peke yake na kupewa nambari inayoanza na herufi Z. Muulize pia mwenye kampuni yako ya bima, kwa maandishi, iwapo bima ya gari inalihusu trela likiwa limeungwa.

Mteremko wa Mai Mahiu, barabara iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano ambao mwaka wa 1942 waliacha kanisa dogo chini yake, ni mtihani mzuri kwa dereva. Gia ndogo iwekwe kabla ya kuanza kushuka, si baada ya kunusa breki zikiungua. Wenye magari yanayojibadilishia gia mara nyingi huacha mti kwenye D tangu Nairobi hadi Naivasha. Nafasi za 2 na L ziliwekwa kwa ajili ya miteremko kama hii.

Kuhusu matunzo, beringi za magurudumu ndizo huangusha safari nyingi. Zinafaa kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa grisi mpya kila mwaka. Ukivuka mto zikiwa moto, maji baridi hufanya hewa iliyo ndani inywee na kufyonza maji kupita sili. Zikague mara ufikapo. Kila unaposimama, gusa kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono. Kikiwa na joto kupita vile vingine, kuna tatizo.

Anayeunda trela lake hapa nchini ana nafasi ambayo mnunuzi wa trela la kigeni hana: anaweza kumwagiza fundi atumie vitovu, magurudumu na matairi ya aina moja na ya gari litakalolivuta. Hapo gurudumu moja la akiba hufaa pande zote mbili, na beringi zitapatikana hata Maralal. Mwenye trela la kigeni hana budi kubeba beringi na sili zake mwenyewe.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha, kwani hukaa juani miezi mingi bila kuzunguka. Tazama tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lililopita miaka saba libadilishwe hata kama meno yake yangali marefu. Kwenye barabara za mawe zenye mikunjo, punguza upepo kiasi na mwendo zaidi, kisha kaza nati za magurudumu jioni.

Mtungi wa gesi ufungwe gari likiwa mwendoni, na mirija ikaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko la makaa lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto, hata kambi ikiwa Nyahururu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na chumba cha trela ni kidogo kuliko vyumba vingi ambamo watu wamefia kwa sababu hiyo.

Je, kila familia inayopenda kusafiri inahitaji trela? La. Anayetoka mara mbili kwa mwaka atahudumiwa vyema na hema nzuri juu ya pikapu, bila gharama ya maegesho wala ekseli ya pili ya kutunza.

Anayeshikilia kununua na ajifunze kwanza kurudi nyuma, katika uwanja mtupu siku ya Jumapili. Shika usukani upande wa chini kabisa kwa mkono mmoja. Mkono ukienda kulia, trela litaelekea kulia. Ukienda kushoto, litaelekea kushoto. Sogeza kidogo kidogo, na mara uonapo trela limeanza kujikunja, simama, nenda mbele mita chache, kisha uanze upya.