Huna Omdurman: Muziki wa redio uliohamia Custom

Anayeshusha mzigo Custom, jijini Juba, husikia nyimbo za nchi nne kabla hajamaliza kuhesabu katoni zake. Bodaboda wana za Kampala. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi wana za Nigeria na za Bongo. Makanisa yana zao, na Jumapili husikika mpaka upande wa Chuo Kikuu cha Juba. Lakini ukipita mbele ya duka la Msudani, au kibanda cha chai wanakokaa wazee walioishi Khartoum, muziki hugeuka. Fidla kadhaa huenda pamoja kama wapagazi waliozoeana, akodioni huzijibu, udi hupita chini yake, na mwanamume huimba bila haraka wimbo ambao dakika kumi baadaye hajaumaliza.

Wengi wetu tuliokuja na malori kupitia Elegu na Nimule tumeuita huo “muziki wa Waarabu” na kuendelea na hesabu zetu. Jina hilo halitoshi. Muziki wa Cairo huenda kwa ngazi za Kiarabu zenye vipande vidogo vya sauti, vile anavyovijua msikilizaji wa taarabu ya Unguja. Huu wa Sudan huenda kwa ngazi ya sauti tano, jamaa wa karibu wa nyimbo za Ethiopia. Ndiyo maana Mwethiopia au Mweritrea mwenye biashara Juba huutambua upesi kuliko Mmisri. Nyimbo za Sudan hupendwa hadi Chad na kaskazini ya Nigeria, umbali ambao bidhaa chache za Khartoum zimewahi kufika.

Huu ndio muziki wa klasiki wa Sudan, na aliyeukuza ni redio ya umma.

Neno klasiki kwa kawaida hutupeleka Ulaya, kwa Mozart na Verdi na watu waliovaa suti nyeusi wakipiga fidla. Huko nako redio ndiyo iliyoutoa muziki huo ukumbini na kuupeleka kwa mkulima. Mfano maarufu ni jumba la opera la Metropolitan la New York. Siku ya Krismasi mwaka 1931 lilirusha opera nzima hewani kwa mara ya kwanza. Opera ni kitu ghali kupita kiasi: waimbaji, kwaya, wapiga ala, mavazi, mapambo ya jukwaa. Mwaka 1940 kampuni ya mafuta ya Texaco ilianza kuyalipia matangazo hayo, na haikuacha mpaka 2004, baada ya kuungana na Chevron. Zaidi ya miaka sitini muuza petroli aliwalipia watu wasikilize Wataliano na Wajerumani wakiimba mapenzi na mauti. Mfanyabiashara yeyote angeuliza: faida iko wapi? Texaco nao hawakuwa wajinga. Jina lao lilikaa katika masikio ya Wamarekani kila msimu, likiwa pamoja na kitu cha heshima.

Cairo haikuhitaji muuza mafuta. Redio ya serikali ilianza mwaka 1934, na kwa miaka mingi Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, katika msimu wake, ilikuwa ya Umm Kulthum. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua saa nzima. Mwishoni mwa 1968 alikwenda kuimba Sudan, na mwaka 1971 aliimba shairi la Msudani, al-Hadi Adam. Wasudani hawajaacha kulitaja jambo hilo.

Omdurman yenyewe ilianza kutangaza mwaka 1940, mwaka uleule wa Texaco, kwa nia isiyohusiana na sanaa hata kidogo. Waingereza walitaka sauti ya vita. Chumba kidogo katika jengo la posta, muda mfupi hewani kila siku, na vipaza sauti mitaani kwa wasio na redio. Habari za vita peke yake hazimweki mtu chini ya kipaza sauti, hivyo waimbaji wakaitwa. Vita vikaisha, waimbaji wakabaki. Kauli ya kufungulia matangazo, “Huna Omdurman”, yaani hapa ni Omdurman, ikawa kama salamu ya nchi nzima.

Kabla ya redio mji huo ulikuwa tayari na nyimbo za harusini, sauti na makofi na matari bila ala nyingine kubwa. Waimbaji wake, kina Surur na Karoma, walisafiri hadi Cairo kurekodi sahani za santuri, kama Siti binti Saad alivyopelekwa Bombay mwaka 1928. Katika miaka ya 1950 redio ikaanzisha kipindi cha kuzifufua nyimbo hizo za zamani na kukiita Haqibat al-Fann, Mkoba wa Sanaa. Kipindi kilipendwa hata muziki wenyewe ukapoteza jina lake la kwanza. Leo unaitwa haqiba, yaani mkoba. Sisi tunaosema “zilipendwa” tunaelewa jinsi redio inavyoweza kuupa jina muziki wa watu.

Kisha wakaja wapiga fidla. Redio ilikuwa na okestra yake, na ilikuwa na kamati iliyosikiliza mashairi na tuni kabla wimbo haujarekodiwa. Kamati kama hiyo huua nyimbo nzuri pia, tusidanganyane. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kijana kutoka kijijini, asiye na kitu ila sauti, angeweza kupewa fidla nane nyuma yake kwa fedha ya umma. Mohammed Wardi, Mnubi wa kaskazini ya mbali, aliingia katika redio hiyo mwaka 1957. Hakuna mwenye duka wa Khartoum wa wakati ule ambaye angemlipia okestra mgeni wa Kinubi aone atafika wapi.

Muziki huu ulifikaje Juba? Kwa mawimbi ya redio, kwa walimu, makarani na askari waliopelekwa kusini, na zaidi kwa vita. Watu wengi wa kusini walikimbilia Khartoum katika miaka ya 1980 na 1990 na kukaa huko miaka mingi. Walioondoka watoto walirudi watu wazima, na masikio yao yalikuwa yamezoea fidla. Hawa ndio wateja wako Custom. Kiarabu cha Juba wanachokutajia bei kina historia hiyohiyo ndani yake.

Ila si kila mtu mjini anaisikia Huna Omdurman kwa moyo mweupe. Kwa watu wa kusini redio hiyo ilikuwa sauti ya serikali iliyowapiga, na katika miaka ya 1990 ilikuwa sauti ya jihadi. Waasi walikuwa na redio yao, Radio SPLA, iliyotangaza kutoka Ethiopia tangu 1984 hadi utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991. Nyumba moja ingeweza kusikiliza zote mbili, moja kwa sauti ya kawaida na nyingine kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mzee anayekunja uso wimbo wa Omdurman ukipigwa ana sababu zake, na mgeni hana haja ya kumbishia.

Wardi mwenyewe alilijua hilo. Baada ya mapinduzi ya 1989 yaliyomleta Omar al-Bashir alikwenda uhamishoni, na mwaka 1990 aliimba katika kambi ya Itang, nchini Ethiopia, mbele ya maelfu ya wakimbizi wa kusini. Mwarabu kwa macho ya kambi, Mnubi kwa macho yake, akiimba kwa Kiarabu watu waliofukuzwa na serikali inayosema Kiarabu. Wapo watu wazima wa Juba leo waliokuwa watoto Itang. Wardi alikufa Khartoum Februari 2012, miezi saba tu baada ya Sudan Kusini kuwa nchi.

Utawala ule uliomkimbiza Wardi haukuipenda mikoba ya zamani. Nyimbo zilizotaja mvinyo na mabusu zilizuiwa hewani. Novemba 1994 mtu mwenye kisu aliingia katika klabu ya wanamuziki Omdurman akamuua mwimbaji Khojali Osman na kumjeruhi Abdel Gadir Salim.

Kisha ikaja Aprili 2023. Vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF vilipoanza tarehe 15, jengo la redio na televisheni la Omdurman lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukamatwa. RSF walilishika kwa karibu miezi kumi na moja, jeshi likalirudisha Machi 12, 2024. Wakati wote huo jengo lenye kanda za kazi ya miaka themanini lilikuwa uwanja wa vita. Mfanyabiashara aliyewahi kuona ghala likikaa mikononi mwa wenye bunduki kwa wiki moja anajua maana yake. Unga ukiibwa utanunua mwingine. Kanda ya 1957 haina kiwanda.

Vita hivyo vimeleta Wasudani wengi Juba kupitia Renk, baadhi wakiwa na mtaji mdogo na biashara wanayoijua. Mwezi Januari 2025, baada ya habari za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, ghadhabu ilimwagika katika mitaa ya Juba. Maduka ya Wasudani yaliporwa, watu wakauawa, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Waliofunga maduka walikuwa na sababu ya kuzima redio pia. Muziki ni kitambulisho: unaweza kumwonyesha mwenye nyumba kabla hajafungua mdomo.

Naandika haya kwa ajili ya jirani yake, Mganda au Mkenya au Mtanzania wa kibanda cha pili, ambaye siku kama hiyo huulizwa upande wake ni upi. Ni vigumu kumwita mtu mgeni asiyejulikana ukiwa unajua jina la mwimbaji wake.

Liko pia suala la nani analipa. Juba yenyewe ina redio nzuri, lakini fedha za zile zinazosikilizwa sana zimetoka mbali. Miraya, ambayo jina lake ni kioo, ni ya Umoja wa Mataifa tangu 2006. Eye Radio ilizaliwa 2003 kwa jina la Sudan Radio Service, ikitangaza kutoka Nairobi kwa fedha za Marekani. Zimefanya kazi kubwa ya habari na amani. Ila mfadhili wa habari za dharura hupangia mwaka mmoja au miwili, na okestra haijengwi kwa mkataba wa miaka miwili. Naona hapo ndipo wenye maduka na wenye malori wangeweza kufanya kama Texaco kwa kiasi chao: saa moja ya wiki, jina la chama cha wafanyabiashara wa mpakani mwanzoni na mwishoni, na katikati nyimbo za zamani za Juba, Omdurman, Kampala na Dar es Salaam.

Nyimbo zipo. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi zetu zilirekodi katika studio za redio kwa kuwa studio binafsi zilikuwa chache mno, na kanda hizo ni urithi wa TBC leo. Nairobi ina maktaba ya KBC. Hakuna aliyezipiga risasi, na hilo ni bahati kuliko mpango.

Kwa sasa, sehemu ya mkoba wa Omdurman imo katika simu na memori kadi za Custom, ikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono bila jina la wimbo wala mwaka. Ukinywa chai huko, uliza nani anaimba. Mara nyingi utaambiwa Wardi. Akiwa wa zamani zaidi, huenda ni Ibrahim al-Kashif. Na ukisikia sauti ya mwanamke katika rekodi yenye mikwaruzo mingi, uliza kama ni Aisha al-Falatiya, aliyewaimbia askari wa Sudan wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuwa mwanamke wa kwanza kuimba katika redio ya Omdurman.