Mifano ya Kiswahili cha Lubumbashi Mezani pa Mhariri

Mtafiti wa Lubumbashi anayepeleka makala kwa jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwa Swahili Forum lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, ana shida isiyomsumbua sana mwenzake wa Zanzibar: lugha anayoichunguza siyo ile anayoiandikia. Hoja zake huziandika kwa Kiswahili sanifu, lakini mifano yake hutoka sokoni na majumbani, ambako husikika batu, bintu, tutoto, na niko natumika, yaani ninafanya kazi.

Makala nyingi huharibika hapo, kabla hazijamfikia mhariri. Kwa kuogopa kudhaniwa hajui sarufi, mwandishi huisafisha mifano yake. Lakini anayechambua nyakati za kitenzi, kisha akaandika ninafanya kazi mahali pa niko natumika, amekifuta kile kile alichokusudia kukieleza. Maneno ya Kifaransa nayo yasiondolewe. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996, alionyesha kwamba viunganishi kama donc na mais vina kazi maalumu ya kupanga mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba.

Kielelezo chema kipo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoitoa kitabuni mwaka 1990, hakuisahihisha ifanane na sanifu. Kwa kuwa maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu mmoja, Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na kutokana na usomaji huo likapatikana andiko jipya. Andiko la asili liliwekwa pia, pamoja na tafsiri. Msomaji anaweza kujipimia mwenyewe.

Katika makala fupi inatosha kila mfano uandikwe jinsi ulivyosemwa, chini yake maana ya kila kiambishi, kisha tafsiri. Mahali na mwaka wa kurekodi vitajwe. Majina ya wasemaji yafichwe. Ikisiri iseme tangu sentensi ya kwanza ni Kiswahili kipi kinachozungumziwa, kwani mhakiki asiyeambiwa hilo atasoma batu kama kosa la chapa. Mengine ni desturi ya majarida karibu yote: kufuata mwongozo wa marejeo, kuondoa jina la mwandishi kwenye nakala ya wahakiki, kutopeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo yupo mhakiki atakayepiga mstari chini ya niko natumika na kuandika "sahihisha". Baadhi ya waandishi hutii, wengine hukasirika na kuiacha makala kabatini. Njia zote mbili ni hasara. Barua ya majibu huambatana na makala iliyorekebishwa, na ndiyo nafasi ya kueleza, hoja kwa hoja, kipi kimebadilishwa na kipi kimebaki, na kwa nini. Kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi ushahidi haukosekani: Edgar Polomé alikwisha kukieleza katika jarida la kitaalamu mwaka 1968.