Mbu wa Saa Mbili Asubuhi

Chandarua kikishakunjwa asubuhi, wengi wetu huona zamu ya mbu imekwisha. Kwa mbu wa malaria ni kweli. Lakini yupo mwingine ambaye zamu yake ndiyo kwanza inaanza. Huyu huuma sana saa za asubuhi, jua likishachomoza, hupunguza kasi linapokuwa kali, kisha hurudi alasiri hadi magharibi inapoingia. Wataalamu humwita Aedes aegypti. Ukiwahi kumwona kabla hujampiga kofi, utamtambua: mweusi, miguu imevikwa pete nyeupe, na mgongoni ana michoro myeupe yenye umbo la kinubi. Kwa urembo, mbu wa malaria hamfikii.

Hupenda vifundo vya miguu na vigimbi, huja kwa kunyata, na ukijitikisa kidogo tu ameruka. Hapo ndipo hatari ilipo. Badala ya kushiba kwa mtu mmoja, mara nyingi hudonoa kidogo kwako, kidogo kwa mwenzako mliyeketi naye benchi moja kwa mamantilie, kidogo kwa mtoto aliyelala mkekani, mpaka mlo wake utimie. Akiwa na virusi, mbu mmoja anaweza kuwalaza watu kadhaa wa nyumba moja. Anayeuma ni jike peke yake, maana damu ni ya kutengenezea mayai. Dume maisha yake yote hunyonya maji matamu ya maua.

Hayo mayai yanastahili maelezo marefu kidogo. Mbu huyu hatagi katikati ya maji. Hutua kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipokomea, akayabandika mayai yake moja moja, meusi, madogo kuliko punje ya ulezi. Kisha ni kungoja maji yapande. Yasipopanda, hana wasiwasi: yai lililokwisha komaa huweza kukaa kavu miezi sita na zaidi, na siku maji yakiligusa likaanguliwa. Tangu hapo hadi kuwa mbu anayeruka, katika joto la Pwani, ni kama siku saba hadi kumi. Kwa hiyo anayemwaga maji ya pipa, akaliacha likauke, kisha akalijaza upya siku bomba linapotoka, amefanya nusu ya kazi tu, kwa sababu mayai yamebaki yamenata pipani. Kwa tabia hiyohiyo mbu huyu alivuka bahari. Mapipa ya maji ya merikebu zilizobeba watumwa kutoka Afrika yalimfikisha Amerika, na leo tairi kuukuu zinazouzwa nchi hadi nchi zinaweza kumsafirisha bila yeye kupiga bawa. Kwa mbawa zake mwenyewe hafiki mbali. Kwa kawaida maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa, ndiyo kusema mbu anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani.

Mitaani watu husema homa ya dengi, ambayo wazee wa Pwani waliiita kidingapopo, huja na masika. Wana sababu. Mvua ikinyesha, kila kifuu cha nazi, kila tairi la gereji na kila gata lililozibwa na majani huwa kitalu. Dar es Salaam imepata milipuko mwaka 2010, 2014 na 2019, na ule wa 2019, uliofika pia Tanga, ulipita wagonjwa 6,000 waliothibitishwa. Lakini ukimfuata mbu huyu nyuma, na magonjwa anayoyaeneza, utakuta mambo mawili yanayoivuruga hesabu ya masika.

La kwanza ni la Newala. Mwaka 1952 na 1953, juu ya uwanda wa Makonde kusini mwa Tanganyika, uliripuka ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo makali kiasi cha kumkunja mgonjwa. Virusi vyake vilitambuliwa kutokana na mlipuko huo, na dunia nzima mpaka leo hutumia jina la Kimakonde: chikungunya. Uwanda ule ni mkavu. Maji yalichotwa mabondeni, mbali, kwa hiyo kila nyumba iliyaweka akiba kwenye vyungu, na ndani ya vyungu hivyo watafiti walimkuta mbu wetu.

La pili ni la Lamu, mwaka 2004, na hilo ndilo lingetushtua zaidi. Mwaka huo kisiwa kilikuwa katika ukame. Watu walijaza kila chombo walichonacho na wakayatumia maji yale polepole, siku nyingi bila kubadilisha. Chikungunya ilipopita, vipimo vya damu vilionyesha kuwa takriban watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka Pwani ya Kenya virusi vikafika Ngazija mwaka 2005, vikaendelea hadi Réunion, ambako binamu wa mbu wetu, Aedes albopictus, alivipokea na karibu theluthi ya wakazi wakaugua, na India pia vikafika. Yote hayo bila masika kuhusika pale yalipoanzia.

Sasa sayansi imeanza kueleza kwa nini. Asili ya mbu huyu ni msituni, hutaga kwenye matundu ya miti na huuma wanyama. Watafiti walikusanya mayai sehemu 27 za Afrika, wakayalea, kisha wakawapa mbu wao nafasi ya kuchagua kati ya harufu ya mtu na ya mnyama. Waliompenda mtu zaidi walitoka sehemu zenye kiangazi kirefu na kikali, hasa ukanda wa Saheli, na kwa kiasi fulani miji iliyosongamana. Mantiki yake ni rahisi. Matundu ya miti yakikauka miezi kadhaa, maji yanayobaki ni yale ya mtungini, na aliyezoea mtungi akamzoea na mwenye mtungi.

Kwa hiyo mkazi wa mji ambao bomba hutoka mara mbili kwa wiki yumo hatarini mwaka mzima. Dawa yake si ghali, ila inachosha: kila wiki, siku moja, ndoo na mapipa yamwagwe na kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi na sabuni, yai lisipate pa kung'ang'ania. Wiki moja si namba ya kubahatisha. Haizidi muda anaouhitaji mbu ili akue. Simtanki ifunikwe vizuri, na kitambaa au wavu ufungwe kwenye kila mdomo ulio wazi. Kagua trei ya nyuma ya friji na sahani za chini ya vyungu vya maua, maana hizo husahauliwa hata na wasafi. Maji yasiyomwagika kirahisi yanaweza kutiwa viuadudu vya bakteria, vya aina inayotengenezwa Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi vya mbu. Ule moshi unaopulizwa barabarani kwa gari, kwa maoni yangu, hutuliza wakazi kuliko unavyomsumbua mbu. Yeye amekaa nyuma ya pazia na chini ya kitanda, na moshi haugusi yai hata moja.

Ukiumwa ghafla, homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli, pima malaria kwanza. Kipimo kikisema hakuna, kubali kuwa hakuna, na usimeze dozi ya malaria "kwa usalama". Uliza kuhusu dengi. Kwa homa na maumivu tumia parasetamo na maji mengi. Epuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ile sindano inayopendwa sana, kwa kuwa dengi huweza kusababisha kuvuja damu na dawa hizo huongeza hatari hiyo. Siku za kuogopa ni zile homa inaposhuka, kati ya ya tatu na ya saba, wakati nyumbani watu wanashukuru. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, fizi au pua kutoa damu, mgonjwa kulegea au kuhangaika: nenda hospitali saa hiyohiyo. Na aliyewahi kuugua asijione ana kinga, kwani virusi vya dengi viko aina nne, na kuambukizwa mara ya pili na aina nyingine huongeza hatari ya kuugua vibaya zaidi. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana. Mbu anayemuuma leo ataweza kuambukiza wengine baada ya siku kama nane hadi kumi na mbili, na ataendelea hivyo mpaka afe.

Tukirudi kwa mbu mwenyewe, kule Rabai, nyuma ya Mombasa, aina zake mbili ziliwahi kuishi jirani kwa jirani: mweusi wa msituni akitaga kwenye matundu ya miti, na wa hudhurungi akitaga ndani ya nyumba, kwenye mitungi ya udongo. Kuanzia miaka ya 1970 wanasayansi walikwenda huko kuwalinganisha, na mwaka 2014 utafiti uliotumia mbu wa Rabai ulionyesha tofauti ya kinasaba inayomfanya wa nyumbani anuse zaidi harufu ya binadamu. Watafiti waliporudi miaka michache baadaye, yule wa nyumbani hawakumpata tena. Wanaona huenda sababu ni kwamba maji ya bomba yalikuwa yamefika na mitungi ikaachwa. Wa msituni bado wapo, na bado wanapendelea wanyama.