Talaka yaweza kumwacha mgeni bila kibali cha kuishi Kenya

MTAA wa Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, ni makao ya familia nyingi ambamo mmoja wa wanandoa ni Mkenya na mwenzake ni raia wa kigeni. Ndoa ya namna hiyo inapovunjika, mabishano huwa juu ya watoto na mali. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni iwapo mgeni huyo bado ana ruhusa ya kuishi nchini.

Kisheria, miaka aliyokaa Kenya pekee haimlindi. La msingi ni hati aliyo nayo siku ndoa inapokoma.

Wengi huanza na pasi ya mtegemezi, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa misingi ya uhusiano wake na Mkenya. Mahakama ikishatoa amri ya mwisho ya talaka, utegemezi huo hukoma na msingi wa pasi huondoka. Hali ni hiyo hiyo kwa mke au mume wa mgeni aliyekuja kufanya kazi Nairobi, kwa kuwa pasi yake hutegemea kibali cha mwenzake.

Hatua ya pili ni ukaaji wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mume au mke wa raia kuuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Aliyekwisha kuachika hana tena sifa hiyo.

Hatua ya tatu ni uraia. Chini ya Katiba ya zamani, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kusajiliwa kwa njia ya ndoa. Mwanamume wa kigeni hakuwa nayo. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliondoa ubaguzi huo, lakini ikaweka sharti la miaka saba ya ndoa kwa wote.

Sheria ya 2011 inaongeza kwamba ndoa iwe ingali hai wakati wa kuomba, na isiwe ilifungwa kwa nia ya kujipatia hadhi ya uhamiaji. Kwa hivyo, aliyepewa talaka katika mwaka wa sita hupoteza njia hiyo, hata kama amezaa na kulea watoto hapa.

Aliyekwisha kusajiliwa kuwa raia yumo katika hali tofauti kabisa. Kifungu cha 13 cha Katiba kinasema uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa kuvunjika kwake. Unaweza kufutwa, miongoni mwa sababu nyingine, ikiwa ulipatikana kwa ulaghai.

Watoto nao hawaguswi. Mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya ni raia wa kuzaliwa. Hata hivyo, uraia wa mtoto haumpi mzazi wa kigeni kibali moja kwa moja.

Anayetaka kubaki hana budi kutafuta msingi mwingine. Aliyeajiriwa anaweza kuomba kibali cha daraja D, naye mwekezaji kile cha daraja G, kinachohitaji mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Mwenye kibali chake mwenyewe cha kazi hatikiswi na talaka.

Kukaa bila hati ni hatari. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Wakati kesi ingali mahakamani, ndoa bado ipo kisheria. Huo ndio muda wa kuonana na wakili na kufika Jumba la Nyayo kuuliza kuhusu kibali kingine. Anayengoja hadi amri ya mwisho itolewe huenda akakuta ameachwa na mwenzake, na nchi nayo inamtaka aondoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.