Masika au Machipuko? Maua ya Makaburini na Kazi ya Mfasiri

Wafasiri wetu hukutana aghalabu na habari za watu wa nchi za baridi waendao makaburini kutazama maua. Jambo hilo si dhihaka kwa wafu. Makaburi ya Mount Auburn, karibu na jiji la Boston nchini Marekani, yaliyoanzishwa mwaka 1831, tangu awali yalikusudiwa yawe pia bustani ya miti na maua, ambamo walio hai wangeweza kutembea na kutafakari. Ugumu huanza pale habari hizo zinapotiwa katika Kiswahili, na hasa yanapotajwa majira.

Wako walioandika masika, kwa hoja kwamba majira hayo ya maua nayo huanza Machi. Hatukubaliani nao. Masika ni mvua. Tumchukue mwanafunzi wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Kwao mvua ni za msimu mmoja, kwa kawaida tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, wala ule mgawanyo wa vuli na masika tuuzoeao pwani hauna nguvu huko. Akisoma kwamba watu wa Boston huenda kutazama maua "wakati wa masika", atawaona wamo matopeni chini ya miavuli. Na akijibu hivyo katika mtihani wa jiografia, atanyimwa alama kwa kosa la mfasiri. Demani nalo, neno zuri la mabaharia, limefungamana mno na pepo za Bahari ya Hindi.

Yafaa tuandike machipuko. Neno hili halitaji mvua wala mwezi, bali lile litendekalo mtini. Nalo si geni kwa mtu wa Singida: katika misitu ya miyombo majani mapya, mengi yakiwa mekundu, huchipua yapata Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijanyesha. Mijakaranda huchanua zambarau karibu na wakati huo, na mkrismasi hufuata Desemba, kama jina lake lisemavyo. Basi machipuko mwanafunzi ameyaona kwa macho yake. Lililobaki ni kumweleza kwamba Boston huja Aprili na Mei, na kwamba kiyaletacho huko ni kupungua kwa baridi.

Kuhusu mahali penyewe, tunayo makaburi, maziara na mava. Mava ni neno fasaha, ila bara halisikiki sana. Kwa matangazo ya serikali, makaburi yatosha. Mpangilio wa maneno ndio utakao uangalifu. "Bustani ya makaburi" huitanguliza bustani, ilhali hapo ni mahali pa kuzikia kwanza. Tuseme "makaburi ya bustani". Hata hivyo, si kila makaburi yenye maua yastahili jina hilo. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam, kwa mfano, yabaki makaburi ya vita.

Je, watu huyatembelea au huyazuru? Huyazuru. Ziara, neno lenye asili ya Kiarabu, kabla ya kuwa la waziri na msafara wake, lilikuwa na lingali na maana ya kwenda kaburini kwa heshima. Maziara ni jamaa yake. Twapendekeza basi: "Wakati wa machipuko watu wengi huzuru makaburi ya bustani ya Mount Auburn kutazama maua."