Degedege: Jina, Imani na Kipimo

Degedege ni jina ambalo wasemaji wa Kiswahili, wakiwamo wa Mngeta na Ifakara katika bonde la Kilombero, huupa mtukutiko wa maungo unaomshika ghafla mtoto mwenye homa kali. Kwa imani ya jadi, chanzo chake ni dege, yaani ndege wa kipepo. Hivyo jina lenyewe humwelekeza mzazi kwa mganga, ilhali kipimo cha damu huweza kuonyesha vimelea vya malaria, na kuchelewa huua. Je, jina hilo lifutwe? Wagiriki wa kale walikiita kifafa epilepsia, yaani kukamatwa, wengi wakidhani mkamataji ni mungu. Imani hiyo ilififia. Neno matabibu wangali wanalo. Degedege nalo libaki, ila maana yake ifunzwe upya: ni dalili ya kupimwa.